Utangulizi: Namna za Kuijua Ngara

Mwanafunzi wa kidato cha nne akishamaliza mtihani wa taifa, swali analokutana nalo kwa kila mjomba na kila shangazi ni lile lile: utachukua kombi gani? Herufi tatu ndizo zinazoamua. Akisema PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, baba anaanza kuwaambia majirani habari za daktari. Akisema HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza, watu wanaitikia kwa upole, kama wanampa pole. Akimaliza kidato cha sita anaingia chuo kikuu akiamini kwamba maarifa yana pande mbili, mmoja wa vipimo na ukweli, mwingine wa maoni na maneno mazuri. Utangulizi huu nimeuandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya mwalimu wa shule ya kata, bwana shamba, muuguzi wa zahanati na yeyote anayeitamani kazi ya utafiti lakini hajui pa kuingilia.

Rai yangu naiweka mapema ili msomaji aipinge akitaka. Fani za utafiti hazitofautiani sana kwa vitu zinavyovichunguza. Mgomba mmoja unaweza kuchunguzwa na mtaalamu wa bakteria, mchumi, mwanahistoria na mtunzi wa kamusi, na wote wakawa wanafanya kazi halali. Zinatofautiana kwa kile kinachoweza kumlazimisha mtafiti akubali kwamba alichodhani si kweli. Kwa mmoja ni chipukizi lililonyauka, kwa mwingine jalada lililofunguliwa baada ya miaka sabini, kwa mwingine bibi anayesikiliza tafsiri yake na kutikisa kichwa. Ukitaka kuielewa fani usiyoisomea, usiulize inahusu nini. Uliza wenyewe hukosea vipi, na hujuaje kwamba wamekosea.

Mifano yangu nimeichukua wilayani Ngara, pamoja na kata za mpakani na Burundi kama Murusagamba, na Biharamulo iliyo mashariki yake, na pale inapobidi nitapanda hadi Bukoba. Tukisema utafiti watu hufikiria Dar es Salaam, Morogoro au Arusha, ilhali pembe hii ya mkoa wa Kagera imechunguzwa sana, na watu wa fani nyingi mno, kuliko wenyeji wengi wanavyojua. Kwa nini wenyeji hawajui ni jambo nitakalolirudia, maana linaniudhi.

Tuanze na mgomba, kwa sababu Kagera huwezi kuanzia kwingine. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko bakteria uliripotiwa mkoani humu. Uganda ulikuwa umethibitishwa mwaka 2001, na Ethiopia ulijulikana tangu miaka ya 1960, kwenye ensete, zao lililo ndugu wa mgomba. Majani hugeuka njano na kulegea, ndizi huiva kabla ya wakati wake na ndani zimeoza, na ukikata shina hutoka utomvu mzito wa rangi ya njano iliyopauka. Bakteria husafirishwa na wadudu wanaotembelea ua dume, lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, na husafirishwa pia na panga linalotoka mgomba huu kwenda ule. Ndiyo maana wakulima walifundishwa kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata, na kulipitisha panga motoni au kwenye jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Hadi hapo hakukuwa na mzozo. Mzozo uliletwa na ushauri wa tatu: ukiona mgomba mmoja umeugua, ng'oa shina zima na machipukizi yake yote. Kwa kaya yenye robo eka, hiyo ni sawa na kuambiwa uteketeze ghala kwa sababu ya gunia moja. Wakulima wengi walisita, na wengine hawakung'oa kabisa. Kwa muda mrefu maelezo rahisi yalikuwa kwamba wakulima hawana elimu. Kisha watafiti wakafuatilia bakteria ndani ya mmea wenyewe, wakakuta kwamba hawafiki kila mahali. Ugonjwa ukiingilia kwenye ua, bakteria hushuka polepole, na machipukizi mengi ya shina lile lile hubaki mazima iwapo mgomba mgonjwa utakatwa mapema. Ushauri ukabadilika: kata kwenye usawa wa ardhi ule ulioonyesha dalili, ule tu, rudi kila baada ya muda mfupi ukague, na usichoke. Dhana ya kwanza, kwamba shina zima limeshaugua, ilipimwa kwa kukata mimea, kungoja na kuhesabu, ikaonekana imezidisha.

Ona jinsi mambo yalivyopangana hapo. Jibu lilitoka kwenye mimea na maabara, lakini swali lilizaliwa na watu waliokataa kutii. Mtafiti wa jamii anayekwenda kuuliza kwa nini mkulima hang'oi, na asiyeanza kwa kudhani kwamba ni ujinga, anafanya kazi ambayo bakteria wenyewe hawawezi kumfanyia mtu wa maabara.

Virusi vya Marburg vinaonyesha jambo hilo kwa ukali zaidi. Mwaka 2023 vililipuka Bukoba Vijijini, na Januari 2025 mlipuko mwingine ukatangazwa wilayani Biharamulo. Biharamulo watu wawili walithibitishwa kwa vipimo na wengine wanane wakahesabiwa kuwa yamkini waliugua, na wote kumi walifariki. Mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 13 Machi 2025, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Kwa nini 42? Kwa sababu ugonjwa unaweza kujificha mwilini hadi siku 21 kabla ya dalili, nao wataalamu huzidisha muda huo mara mbili ili wawe na uhakika. Hiyo ni hesabu ya mtu anayejua anavyoweza kukosea. Pembeni yake yuko anayechunguza popo wala matunda mapangoni, wanaojulikana kubeba virusi hivyo, na yuko anayekaa na wafiwa kujua maiti huoshwa na nani, maana mnyororo wa maambukizi hupita humo. Ukimwondoa mmoja, mwenzake anabaki na nusu ya habari.

Sasa mtu wa PCB ataniuliza: upande wa pili kuna kanuni yenye ukali wa namna hiyo? Ipo, na tena iko mdomoni mwa watu wa Ngara kila asubuhi. Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa karibu wa Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Chukua Kirundi, kilichoandikiwa sarufi nyingi. Kitenzi cha kwenda ni *kugenda*, cha kulima ni *kurima*, lakini cha kufanya ni *gukora*, cha kutoa ni *gutanga*, cha kusoma ni *gusoma*. Mara *ku*, mara *gu*. Mgeni atadhani ni mazoea tu, ya kukariri neno kwa neno. Sivyo. Sauti ya kwanza ya mzizi ikiwa hafifu, kama k, t au s, kiambishi kilicho mbele yake huigeuza k yake kuwa g, kana kwamba ulimi haupendi sauti mbili za aina moja zifuatane. Kanuni hiyo inaitwa Kanuni ya Dahl, kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari Mmoravian aliyeishi Unyamwezi, na aliyeipa jina hilo ni Carl Meinhof mwaka 1903. Wakikuyu wanaifuata pia: sisi tunasema Kikuyu, wao wanasema Gikuyu.

Nimekaa kidogo kwenye mfano huu kwa sababu unavunja lile wazo kwamba sayansi ndiyo yenye kanuni na lugha ina ladha tu. Kanuni ya Dahl inatabiri. Nipe kitenzi cha Kirundi ambacho sijawahi kukisikia, nitakuambia kitaanza na *ku* au *gu*. Ukinipa kinachoenda kinyume, nimekamatwa, na ni lazima nieleze kwa nini, au nikubali kwamba kanuni yangu ina mpaka. Swali la namna hiyo mkazi wa Murusagamba anaweza kulijibu kabla ya chai, kwa kuwasikiliza bibi na mjukuu wa nyumba moja na kuangalia kama wote wawili wanaifuata sawasawa katika lugha ya nyumbani, au kama Kiswahili cha shuleni kimeshaanza kumlegezea mjukuu. Tangu mwaka 2001 Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikusanya maarifa ya lugha zetu, ukatoa kamusi, sarufi, na mwaka 2009 atlasi. Kazi iliyobaki bado ni kubwa kuliko iliyofanyika.

Kuna watafiti wasiokubali kukaa kwenye chumba kimoja, na ninayempenda kuliko wengine ni John Ford. Alikuwa mtaalamu wa wadudu, kazi yake mbung'o. Mwaka 1947, pamoja na R. de Z. Hall, alichapisha katika jarida la *Tanganyika Notes and Records* historia ya ufalme wa Karagwe, jirani wa Ngara na Biharamulo. Mtu wa mbung'o ana shughuli gani na wafalme? Jibu lake lilikomaa katika kitabu kikubwa alichokitoa mwaka 1971 kuhusu malale na ndorobo katika ikolojia ya Afrika. Alisema kwamba kabla ya ukoloni watu na mifugo yao walikuwa wamelizuia pori na kumweka mbung'o mbali. Miaka ya 1890 sotoka ikaua ng'ombe, njaa na maradhi vikafuata, mashamba na malisho yakarudi kuwa kichaka, na mbung'o akapata makao mapya. Wakoloni walipofika wakakuta pori, wakadhani ndivyo nchi ilivyokuwa tangu kuumbwa. Huwezi kuliona kosa hilo kwa hadubini, wala kwa kusoma majalada ya serikali peke yake. Ford aliliona kwa sababu aliwauliza wazee habari za ng'ombe wa babu zao, halafu akatazama ramani za mbung'o.

Wakati wa mwanajiolojia ni mrefu zaidi. Miamba yenye nikeli ya Kabanga, Ngara, ina umri wa karibu miaka bilioni 1.4, na umri huo hupimwa kwa punje ndogo za zirkoni ambamo urani hugeuka risasi kwa kasi inayojulikana. Sina mengi ya kusema hapo zaidi ya kwamba kasi hiyo haimjali mtu, na ndiyo raha ya fani hiyo.

Mwanahistoria hana raha hiyo, maana ushahidi wake uliandikwa na watu wenye nia zao. Mpaka wa Ngara na Burundi ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wabelgiji ya mwaka 1919. Bugufi, nchi ya Wahangaza, ilitengwa na Burundi ikawekwa Tanganyika, na suala lake lilifika hadi Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Ofisa wa Kiingereza aliyeandika kwamba watu wa Bugufi wameridhika alikuwa na sababu ya kuandika hivyo. Mbelgiji aliyeandika kinyume chake naye vilevile. Msomaji wa majalada hujifunza kumsoma mwandishi kabla ya kusoma alichoandika. Jill Rosenthal, katika kitabu chake cha mwaka 2023 kuhusu wahamiaji na wakimbizi kwenye mpaka wa Tanzania na Rwanda, amefuata karatasi za namna hiyo na masimulizi ya wakazi wa Ngara, na ameonyesha jinsi misaada ya kimataifa ilivyozidi kuwatenganisha mgeni na mwenyeji, katika nchi ambayo kuvuka mto kwenda kwa mashemeji lilikuwa jambo la kawaida.

Karatasi zina ukimya wake pia. Mwishoni mwa Aprili 1994 karibu wakimbizi 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban saa 24, na kambi ya Benaco, upande wa Ngara, ikawa jiji kabla wiki haijaisha. Takwimu za mahema na unga zipo nyingi. Lakini mtu anawaza nini akiishi miaka mingi kwa mgao? Mwanaanthropolojia wa Denmark, Simon Turner, alikaa na wakimbizi wa Kirundi kambini Lukole, Ngara, miaka ya 1997 na 1998. Alikuta wanaume wakilalamika kwamba shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa limechukua nafasi yao nyumbani: ndilo linalolisha na kuvisha, na wake zao wanajua hivyo. Vijana wakatafuta heshima kwingine, katika siasa za kambi, katika biashara, katika kazi za mashirika. Hakuna dodoso ambalo lingeuliza swali hilo, kwa sababu aliyeandika dodoso asingejua kwamba lipo. Ndiyo kazi ya kukaa na watu muda mrefu. Udhaifu wake ni kwamba mtu mmoja amesikiliza kambi moja kwa msimu mmoja, na anayesoma ni lazima akumbuke hilo.

Dodoso nalo lina nguvu yake. Kati ya mwaka 1991 na 1994 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Benki ya Dunia walifuatilia zaidi ya kaya 900 za Kagera, Ngara na Biharamulo zikiwemo, ili kujua vifo vya watu wazima, hasa kwa UKIMWI, vinaiacha kaya katika hali gani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wametambuliwa Kagera mwaka 1983. Mwaka 2004 wadadisi wakarudi. Badala ya kugonga mlango wa nyumba ile ile tu, waliwatafuta watu wenyewe popote walipohamia, mpaka Mwanza, Dar es Salaam na Uganda, na tena mwaka 2010. Kazi hiyo ya kuulizia kwa mama mkwe, kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa dereva wa basi anayemjua kaka wa mtu fulani, haina utukufu wowote, na bila hiyo matokeo yangekuwa ya waliobaki nyumbani peke yao. Wachumi Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walilinganisha watu waliolelewa kwenye kaya moja, aliyehama na aliyebaki, wakakuta kwamba ukuaji wa matumizi ya aliyehama ulizidi wa mwenzake kwa pointi 36 za asilimia.

Hapo ndipo mchumi anapokwama kwa heshima. Ikiwa kuhama kunalipa hivyo, mbona wengi wanabaki? Waandishi wenyewe walielekeza kidole kwenye mambo ya ukoo na wajibu, yaani walifika kwenye mlango wa jirani na kugonga. Uchunguzi wa baadaye wa De Weerdt na Kalle Hirvonen, kwa takwimu hizo hizo, ulionyesha kwamba waliohama ndio wanaobeba matatizo ya waliobaki, na mzigo hauendi upande wa pili kwa kiasi hicho. Kila mwenye ndugu mjini, au aliye ndugu wa mjini mwenyewe, atacheka kwamba jambo hilo limehitaji utafiti. Acheke, lakini kujua kwa mazoea na kujua kwa kiasi gani ni mambo mawili, na anayepanga sera anahitaji la pili.

Nimeuweka mwishoni mfano unaochanganya fani zote, nao ni chuma. Tangu karibu mwaka 1970 Peter Schmidt, mwanaakiolojia Mmarekani, alifanya kazi Buhaya, nchi ya Wahaya. Hakuanza kwa kuchimba bali kwa kusikiliza. Wazee wa Katuruka, Bukoba Vijijini, walimwonyesha mahali panapoitwa Kaiija, palipohusishwa katika masimulizi yao na mfalme Rugomora Mahe na uhunzi. Akachimba walipoonyesha, akakuta masalia ya ufuaji wa chuma, mavi ya chuma na vigae vya vyungu vya kale vya aina ya Urewe, na mkaa ulioonyesha umri wa zaidi ya miaka elfu moja na nusu, baadhi ya sampuli zikienda mbali zaidi. Halafu mwaka 1976, yeye na mhandisi wa metali Donald Avery waliwaomba wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani wajenge tanuri tena. Tanuri la kwanza halikuwa rahisi, maana mikono ilikuwa imesahau. Mwaka 1978 wawili hao wakaandika katika jarida la *Science* kwamba Wahaya waliingiza mirija ya udongo ndani ya tanuri, hewa ya mivukuto ikapashwa moto humo kabla ya kukutana na mkaa, na joto likapanda kuliko ilivyodhaniwa.

Magazeti ya nje yalishangilia. Wataalamu wengine wa metali walipinga, wakasema hewa haikai ndani ya mrija muda wa kutosha kupata joto la maana, na mjadala huo uliendelea kwa miaka. Mimi naona kilicho bora hapo si nani alishinda. Masimulizi yalipimwa kwa jembe, jembe likapimwa kwa mkaa, mkaa ukapimwa kwa tanuri, na tanuri likapimwa na wapinzani wenye fizikia yao. Kila fani iliweza kuikamata nyenzake. Schmidt aliporudi miaka mingi baadaye alikuta wengi wa waliomsimulia wameshafariki, na ni wanakijiji wa Katuruka wenyewe walioanza kukusanya upya yaliyobaki vichwani mwa watu.

Sasa lile nililosema linaniudhi. Karibu kila kazi niliyoitaja imeandikwa kwa Kiingereza, imechapishwa mbali, na bei ya kitabu kimoja inaweza kuwa ada ya mtoto. Mtafiti wa kigeni huomba kibali Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), hupita mkoani, wilayani na kwa mtendaji wa kata, huulizwa vizuri anakwenda kufanya nini. Mara chache huulizwa akirudi amepata nini. Mtendaji wa kata ana haki ya kuuliza swali la pili, na ningependa aliulize kwa ukali. Watafiti wa hapa nao hawasalimiki katika hili: ripoti yenye kurasa mia mbili kwenye kabati la idara haimfikii mkulima kwa sababu tu aliyeiandika anaitwa Mtanzania.

Kwa anayeanza, nina maelekezo machache tu. Chagua swali ambalo jibu lake linaweza kukuaibisha. Swali ambalo jibu lake unalijua tayari ni hotuba. Andika tarehe, mahali, na nani alisema, hata unapoandika habari ya mnyauko kwenye shamba la jirani. Ukimhoji mtu, mwambie anaweza kukataa, na akikataa usimwite mkaidi. Sura za kitabu hiki hazina mpangilio wa lazima. Sura ya miamba na ile ya virusi zinahitaji vifaa na fedha. Sura ya kaya inahitaji kalamu nyingi na miguu. Sura ya lugha haihitaji maabara wala bajeti, kwa hiyo asiye na ufadhili aanze nayo.